Zachariah Ombui: Miaka Thelathini na Minne ya Spana na Dakika Arobaini Majini

Juzi Ijumaa, tarehe 18 Desemba 1998, Mzee Zachariah Ombui alistaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Bipin, mjini Kisii, kwa miaka thelathini na minne na siku nne. Hizo siku nne amezitaja mwenyewe na kuomba zisiachwe. Sherehe tumeiweka leo Jumapili kwa kuwa jana ilikuwa Sabato yake. Programu hii nimeipiga taipu hiyo hiyo jana, wakati yeye yuko kanisani kwao Ikonge na hawezi kuja kunisahihisha.

Mimi ni Lorna Nyangate, karani wa karakana tangu 1986. Wenzangu wameniomba niandike wasifu wa heshima. Nitajitahidi, ingawa kila aliyefanya kazi na Mzee Ombui anajua kwamba ni vigumu kumweleza kwa dakika tano bila kucheka.

Alizaliwa mwaka 1943 huko Ikonge, Nyamira, mahali ambapo ukitazama huku ni majani chai, ukitazama kule ni majani chai, na maji mengi kuliko yote ni ya mvua ya saa nane mchana. Nalisema hili mapema ili msomaji aelewe ajabu iliyokuja baadaye. Mtu huyu, ambaye hajui kuogelea hata kidogo, ndiye aliyekuwa fundi wa boti ya familia ya Bipin kwa karibu miaka thelathini.

Alifika mlangoni petu Desemba 1964, akiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja na barua ya mchungaji mfukoni. Barua ilisema kwamba mwenye kuileta ni mwaminifu, hanywi, havuti na hachezi dansi. Bwana Bipin, aliyekuwa ndiyo kwanza amerithi karakana kutoka kwa baba yake, aliisoma mara mbili, kisha akauliza kama anajua injini.

"Mchungaji hakuandika juu ya injini kwa sababu yeye mwenyewe haijui," Ombui akajibu. "Lakini mimi naijua."

Wiki hiyo akatumwa Ogembo kutazama kinu cha kusagia mahindi kilichokuwa kimewashinda mafundi wawili. Alikiwasha, akaketi kando juu ya gunia tupu, akakisikiliza kwa muda mrefu hadi akina mama waliokuwa kwenye foleni wakaanza kuulizana kama amelala. Kisha akainuka, akakaza nati moja, akafunga mfuko wake. Mwenye kinu aliuliza ugonjwa ulikuwa nini. "Ilikuwa inalalamika," akasema.

Huo ndio ulikuwa ufundi wake tangu siku ya kwanza. Wengine hutazama injini, yeye huisikiliza. Amefufua vinu kutoka Ogembo hadi Nyamira, malori ya majani chai yasiyohesabika, na jenereta za makanisa ya madhehebu yote bila ubaguzi. Tangi la pikipiki ya padri wetu lilipotoboka karibu na Sironga mwaka 1977, aliliziba kwa kipande cha sabuni. Padri aliwahi misa, ila wanaokumbuka wanasema altare yote ilinukia petroli na dobi. Mafundi kumi na mmoja waliopitia mikononi mwake leo wana gereji zao wenyewe, na wote wana tabia ya kuinamisha kichwa upande mmoja wanapozungumza na mtu, kana kwamba wanamkagua.

Sasa nije kwenye boti.

Mwaka 1968 Bwana Bipin alinunua boti kwa meneja wa shamba la chai aliyekuwa akirudi kwao ng'ambo. Kwa wasioijua, hii ni boti fupi na nyepesi yenye injini ya nguvu. Nyuma yake hufungwa kamba, na kwenye ncha ya kamba hiyo mtu husimama juu ya mbao mbili, akavutwa na kuteleza juu ya maji kama mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe aliyetoroka. Kwa nini binadamu atake kufanyiwa hivyo, mimi sijui. Mzee Ombui naye hakuwahi kuuliza. Yeye aliizunguka mara mbili, akafungua kifuniko cha injini, akakuta kiota cha ndege, akamwambia Bwana Bipin ampe miezi mitano.

Hakukuwa na spea za boti Kisii. Pampu ya maji aliitengenezea mabawa ya mpira kutoka gurudumu la lori. Puli ilitoka kwenye kinu kilichokufa. Kamba ya mafuta, ile ambayo dereva akivuta mkono injini huongeza kasi, ilikuwa waya wa breki ya baiskeli, na aliipitisha wazi kando ya boti ili mtu aione ikifanya kazi. Alipomaliza alitaka kuhakikisha kwamba boti haivuji. Badala ya kuipeleka ziwani, aliagiza ijazwe maji kwa ndoo ikiwa juu ya trela, palepale mbele ya duka.

"Maji yasipotoka," alisema, "hayataingia."

Nusu ya soko ilikuja kuona wazimu wa watu wanaomimina maji ndani ya boti mlimani. Yalitoka mahali pawili. Akapaziba, na tangu siku hiyo boti haikuvuja.

Bwana Bipin aliiita Tara, jina la mama yake mzazi, na hapo tukajitafutia matatizo. Karakana yetu ina ubao ambapo fundi huandika kwa chaki kazi ya siku. Asubuhi moja mama mwenyewe aliingia akitafuta mwavuli wake, akakuta ubao umeandikwa kwa herufi kubwa: TARA ANATOA MOSHI, AFUNGULIWE KICHWA. Alisimama akausoma mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Ombui na kumwambia kwa upole kwamba kweli kichwa kimekuwa kikimuuma tangu Jumatano, lakini angependa kwanza kuonana na daktari.

Kila Jumapili ya kiangazi lori letu liliivuta Tara hadi ziwani, upande wa Kendu Bay. Bwana Bipin aliiendesha. Watoto wake wawili, Sagar na Riddhi, walijifunza kuteleza nyuma yake tangu wakiwa shule ya msingi. Mzee Ombui alisimama ufukweni na gambuti zake, akiwa na kitambaa chekundu mkononi. Mlio ukibadilika, hata kama boti iko mbali, ndogo kama kichungi cha sigara, aliinua kitambaa, na Bwana Bipin aligeuza akarudi. Hakukosea hata mara moja. Siku moja tu boti ilirudi bure, kwa sababu alikuwa akifuta jasho.

Na katika miaka hiyo yote hakuwahi kupanda. Hakuna hata mara moja. Alikubali kuingia majini mpaka pale gambuti zinapoishia, hapo akasimama kama mtu aliyefika mpaka wa nchi. Riddhi, ambaye amekulia miguuni pake na humwita Tata, yaani baba kwa Kikisii, alimbembeleza tangu akiwa na miaka saba. Jibu lilikuwa lile lile: "Injini naielewa. Maji haina mahali pa kushika."

Mwanzoni mwa 1997 Sagar, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Uingereza, alimshawishi baba yake kununua boti mpya. Sitaki mtu amfikirie Sagar vibaya. Ni kijana mchapakazi, ndiye aliyetuletea simu ya pili na choo kisichogombewa. Lakini alikuwa ameona huko alikokuwa boti zenye kompyuta, na Tara ikaanza kumtia aibu.

Boti mpya ilikuja nyeupe kama friji. Ilikuwa na kioo kinachoandika namba, chombo cha kushika mwendo bila dereva kugusa kitu, redio ya kaseti, na kengele ya kuonya. Muuzaji aliyeileta kutoka Mombasa alikuwa mtu wa maneno matamu. Akamshika Mzee Ombui bega na kumwita baba kila baada ya sentensi mbili: baba tazama hapa, baba gusa hapa. Hakujua kwamba kwa Kikisii neno baba maana yake ni mama. Mzee Ombui alivumilia hadi mara ya sita, kisha akamwambia kwa adabu, "Baba yangu yuko Ikonge, anachuma chai. Ukitaka kuzungumza naye nitakuelekeza." Muuzaji alishukuru sana, na sisi wengine ikabidi tutoke nje.

Yaliyofuata hayakuwa ya kuchekesha sana. Mzee Ombui alitaka kufungua kifuniko cha injini, kama anavyofanya kwa kila kitu kinachoingia kwetu. Sagar akamzuia mkono.

"Usifungue, Mzee. Tukifungua wenyewe tunapoteza dhamana. Na hii haihitaji kusikilizwa. Ikiugua inajieleza yenyewe, kwa namba."

"Namba inaambia nani?"

"Kompyuta ya muuzaji."

"Na muuzaji yuko wapi?"

"Mombasa."

Mzee Ombui aliitazama boti, akaitazama barabara. "Basi itabidi iwe inaugua mapema," akasema.

Tulicheka, naye akacheka. Lakini jioni hiyo nilimwona akiosha mikono ambayo haikuwa na grisi.

Kuanzia hapo Tara ikasukumwa nyuma ya karakana, na Sagar akabandika tangazo la kuiuza. Mteja akapatikana mmoja tu: Bwana Machogu, mfanyabiashara wa ndizi wa Ogembo. Alikuja na futi, akapima urefu, akapima kina, akauliza kama kifuniko kinabana vizuri. Mzee Ombui alifurahi kwanza, akaanza kumweleza kuhusu kabureta. Bwana Machogu akamkatiza kistaarabu. Injini alikuwa haihitaji, na ikiwezekana itolewe, kwa sababu ndani ya boti alitaka kuivishia ndizi.

Wiki hiyo Mzee Ombui alikuja ofisini kwangu akavua kofia. Aliketi, jambo ambalo huwa halifanyi. Alitaka nimpigie taipu barua ya kuomba kustaafu mwishoni mwa Agosti, mwaka mmoja na zaidi kabla ya wakati wake.

"Utaandika nini kama sababu?" nikamuuliza.

"Andika nimechoka."

"Umechoka, Omogaka?"

Hapo nilimwita vile tunavyomwita mzee nyumbani, si kazini. Alitazama dirishani. "Mashine inayokataa kufunguliwa," akasema, "mimi nitaifanyia nini? Nitasimama hapo na kitambaa kama mtu wa trafiki?"

Nilimwambia utepe wa taipureta umeisha, tungoje mwingine kutoka Kisumu. Ulikuwa uongo. Wiki ya pili nikasema utepe umechelewa. Wiki ya tatu alikuja na bisibisi, kwa kuwa yeye ni fundi na hatulii penye kitu kibovu, akaifungua taipureta yangu kabla sijapata neno la kusema. Utepe ulikuwa mpya, mweusi, unang'aa. Aliuzungusha kwa kidole taratibu, mbele na nyuma. Nilikuwa nimetazama sakafu.

"Kweli," akasema hatimaye. "Utepe huu umechoka kabisa." Akaifunga, akavaa kofia, akatoka.

Ndipo ikafika Jumapili, tarehe 24 Agosti 1997, siku ya mashindano ya kuteleza yanayofanywa na familia chache za Kisumu, Kericho na Kisii. Riddhi alikuwa na miaka ishirini na miwili na alikuwa akiwania kikombe alichokikosa mara mbili. Bwana Machogu alikuwa achukue boti yake kesho yake. Riddhi aliomba Tara ije ziwani aizungushe mara ya mwisho baada ya mashindano, kwa hiyo tukaenda na boti zote mbili. Bwana Bipin alikuwa na mkono wa kulia ndani ya plasta, baada ya kuanguka kutoka kwenye stuli akitundika kalenda, hivyo Sagar ndiye angeendesha boti mpya.

Kanuni zinataka awepo mtu wa kumtazama anayeteleza na kuinua bendera akianguka. Sagar alinichagua mimi, akisema karani anajua kuhesabu. Hivyo ndivyo nilivyojikuta nimekaa kinyumenyume kwenye kiti cha ngozi, nimevaa jaketi la kuokolea, nikimtazama Riddhi akiruka mawimbi nyuma yetu. Sifa iende inakostahili: boti ile ilikwenda laini kama mafuta. Kaseti ilikuwa inaimba. Nilianza kujiona mtu wa maana.

Wanaolijua ziwa wanakumbuka mwaka ule. Magugu yale ya maua ya zambarau yalikuwa yameota mpaka yakawa kama mashamba yanayoelea. Asubuhi ghuba iko wazi, upepo ukigeuka baada ya saa moja huoni maji. Riddhi alikuwa wa mwisho kuteleza. Upepo uligeuka tukiwa upande wa mbali, na ufukweni watu wakaanza kupandisha boti zao kwenye trela haraka. Sagar alikata kona kupita ukingoni mwa magugu.

Kengele ikalia. Kioo kikaandika namba. Injini ikazimika, kaseti ikaendelea kuimba.

Riddhi alizama, akaibuka, kamba ikiwa imemponyoka, kama hatua mia moja nyuma yetu. Niliinua bendera, nikaendelea kuiinua. Sagar alibonyeza kila kilichobonyezeka. Kisha akatoa kitabu cha maelekezo, kinene kama Agano Jipya, akatafuta ile namba kwa kidole. Nilimwuliza kinasema nini.

"Kinasema injini imejizima yenyewe ili isiungue."

"Na halafu?"

"Halafu kinasema tumpigie muuzaji."

Upepo ulikuwa ukiyaleta magugu kati yetu na Riddhi. Nilimwona anajaribu kuogelea, mizizi ikamshika miguu, akaacha, akabaki ameshika zile mbao mbili kifuani. Aliita mara moja, kisha akanyamaza kuhifadhi nguvu. Na mimi niliona kichwa cha kiboko. Sagar anasema kilikuwa gogo. Mpaka leo tunabishana, lakini siku ile hata yeye hakukitazama mara mbili.

Ya ufukweni alinisimulia Bwana Bipin. Anasema Mzee Ombui aliinua kitambaa chekundu kabla injini haijazimika, alipousikia mlio wa pampu ukikauka, lakini Sagar hakuwa na desturi ya kutazama nyuma. Boti zote zilikuwa zimekwisha kutoka majini. Tara peke yake ilikuwa imefungwa kwenye nguzo ikingoja safari yake ya kuagwa. Bwana Bipin alirukia ndani akashika usukani kwa mkono wa kushoto. Lakini Tara haiwaki kwa mkono mmoja: choki inavutwa huku, kabureta inashikwa kule, na mtu wa kufanya hivyo yupo mmoja tu duniani.

"Ombui, ingia!"

"Bwana Bipin, mimi ni mtu wa Ikonge."

"Riddhi yuko ndani ya maji!"

Bwana Bipin anasema alimtazama Mzee Ombui akiangalia gambuti zake, pale maji yalipofika, kwa muda ambao ungetosha kusema amina. Kisha akavuka mpaka. Aliingia na gambuti, na kofia, na mfuko wa spana, akapiga magoti kando ya injini, akafumba macho.

Hakuyafumbua. Injini iliwaka alipojaribu mara ya pili. Walipoingia kwenye magugu pampu ya Tara nayo ilinyonya mizizi, kama ile ya boti mpya. Tofauti ni kwamba Tara haikuwa na mtu wa kumpigia simu. Mzee Ombui alisikia maji yakipungua, akapapasa bomba, akalegeza kifungio, akachokoa mizizi kwa spoki ya baiskeli, akarudisha, akapiga kofi kifuniko kama ishara ya kuendelea. Alifanya hivyo mara tatu. Katikati ya kazi aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ambayo tuliisikia kabla hatujaisikia injini. Bwana Bipin, ambaye ni Mhindu, anasema kufikia mara ya tatu naye alikuwa akiitikia kiitikio.

Sisi tuliwaona wakija wakizunguka, wakitafuta mianya, moshi wa buluu nyuma yao. Walifika kwa Riddhi kwanza. Bwana Bipin alipunguza mwendo, na kwa mkono mmoja hakuweza kumvuta.

"Tata!" Riddhi akaita kutoka majini. "Tata, niko hapa!"

Hapo ndipo Mzee Ombui alipofumbua macho. Aliinama juu ya maji yote yale ambayo kwa miaka ishirini na tisa hakutaka kuyakaribia, akamshika jaketi kwa mikono miwili, akamtoa na mizizi yake na kumlaza sakafuni mwa boti. Ubao mmoja ulikwenda na ziwa. Kisha akamwambia, kwa ukali wa mzazi, "Sasa kaa hapo na usiguse choki," akafumba macho tena.

Boti mpya ilifungwa kwa kamba ile ile ya kutelezea, na Tara ikatuvuta mpaka nchi kavu. Watu walipiga makofi ufukweni. Mtu wa Kericho alisema kwa sauti kwamba katika mashindano ya siku ile hajaona aliyeteleza kwa utulivu kama boti ya Sagar. Dakika arobaini zilikuwa zimepita tangu Mzee Ombui aingie. Aliposhuka aliketi mchangani, gambuti zimejaa maji. Niliketi karibu naye. Nilimwuliza aliogopa kiasi gani.

"Nilikuwa nasikia injini tu," akasema. Kisha akaongeza, "Lakini maji nayo inapiga kelele nyingi, Lorna."

Sagar alikuja akasimama mbele yake. Aliinama, akamvua mzee gambuti moja baada ya nyingine, akamwaga maji, akazipanga mchangani zikauke.

Kesho yake Bwana Machogu alifika na lori. Sagar mwenyewe ndiye aliyetoka kumweleza kwamba Tara haiuzwi tena. Ili asirudi mikono mitupu alimpa turubai kubwa iliyokuja na boti mpya, na habari kutoka Ogembo ni kwamba ndizi zinaivia ndani yake vizuri ajabu. Siku hiyo hiyo Mzee Ombui alipita dirishani kwangu.

"Utepe umepona?"

"Bado, Omogaka."

"Usiharakishe."

Muuzaji wa Mombasa alikuja baada ya wiki tano. Alichomeka kompyuta yake, akasoma namba, akatoa mzizi mmoja usiozidi kidole kwenye chujio, na boti ikapona. Mzee Ombui alisimama kando akitazama kwa makini. Hakumcheka. Alisema tu kwamba chujio la namna hiyo hata Tara inalo, ila la Tara liko mahali ambapo mkono unafika. Pia alikiri mbele yetu wote kwamba viti vya boti mpya ni vizuri kuliko vyetu vya sebuleni. Riddhi bado huteleza nyuma ya Tara. Anasema mawimbi yake ni madogo na kamba yake ina habari, akimaanisha kwamba anajua aliyeshika usukani anafikiria nini. Kikombe alikipata mwaka huu, Februari.

Wiki chache baada ya ziwa, Sagar alimwendea Mzee Ombui akiwa na daftari na kalamu, akaomba afundishwe kabureta. Waliafikiana kila Alhamisi saa tisa. Somo la kwanza lilitoa moshi uliowafukuza wateja wa duka la dawa jirani. La pili liliunguza nyusi. Sagar aliandika kila kitu: mizunguko mingapi ya skrubu, kushoto, kulia. Mwezi wa tatu wa masomo Mzee Ombui aliichukua daftari ile, akaiweka juu ya kabati asipoweza kuifikia bila ngazi. "Unaisoma," akamwambia. "Isikilize." Sagar alisikiliza Alhamisi baada ya Alhamisi, bisibisi mkononi, kichwa upande mmoja, na kila mara mwishowe mkono wa mzee ulimpita begani ukamalizia robo mzunguko iliyobaki.

Juzi Ijumaa, siku ya mwisho, tulikuwa tumeketi na chai ya saa kumi. Sagar hakuja kunywa. Nyuma ya karakana tukasikia Tara inawaka, ikikohoa. Mafundi wote walimtazama Mzee Ombui. Alikuwa ameshika kikombe karibu na mdomo, hanywi. Injini ikapanda juu, ikanguruma vibaya, ikashuka. Aliweka kikombe mezani na viganja juu ya magoti, kama mtu anayetaka kuinuka. Ikayumba tena. Nilitaka kumwambia aende tu, tumalize. Kisha mlio ukaanza kujikusanya, ukatulia, ukawa mmoja, mwembamba na wa sawa, mpaka ukiusikiliza kwa muda unausahau.

Mzee Ombui alibaki ameketi. Alichukua kikombe chake, akanywa, akaniomba nimwongezee chai.

Kwa niaba ya Bwana Bipin na familia yake, mafundi, madereva na wenye vinu wote kutoka Ogembo hadi Nyamira, tunasema asante, Mzee. Salamu kwa mkeo, Mama Mong'ina, ambaye kuanzia kesho atakuwa nawe nyumbani mchana kutwa na tunamwombea subira. Nenda ukapumzike Ikonge, Omogaka. Chai yako istawi, magoti yako yapone, wajukuu wakuzunguke, na kila utakachotaka kukifungua kikubali kufunguka.